Tunashirikiana kwa Nenosiri la Mgeni

Mwezi Mei mwaka jana mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake. Alifungua kompyuta, akaigeuza kioo kunielekea, akanyamaza. Palikuwa na sentensi moja tu ya Kiingereza iliyosema kwamba akaunti yake haipo tena. Nyuma ya sentensi hiyo kulikuwa na kazi yake ya misimu miwili ya kilimo: vipimo vya udongo kutoka mashamba ya vijiji vinne vya Kilosa, mahojiano na wakulima zaidi ya mia moja, picha, ramani, na madokezo aliyokuwa akiyaandika usiku kwa mwanga wa simu. Vyote hivyo alikuwa ameviingiza, kama mkataba wa mradi ulivyomtaka, katika mfumo wa pamoja uliolipiwa na chuo mshirika cha ng'ambo. Mradi ulifungwa tarehe 31 Machi, na leseni ya mfumo ikafa siku hiyo hiyo.

Tuliandika barua pepe, tukajibiwa kwa adabu kubwa. Mtafiti mwenzetu wa kule alikuwa likizo. Ofisi ya mifumo ya chuo chake ilitaka uthibitisho kutoka ofisi ya sheria, na ofisi ya sheria ikataka kujua kama mwombaji ni mtumishi, mwanafunzi au mgeni. Alikuwa mgeni. Katika kumbukumbu za mfumo ulioshikilia jasho lake, binti huyu aliyetembea kwa miguu kutoka shamba hadi shamba alikuwa ameandikwa mgeni. Zilipita wiki kumi na moja kabla hatujaletewa faili moja lililobanwa, bila picha. Mahafali ya mwaka ule yalimpita, na ufadhili wake haukuongezwa hata mwezi mmoja.

Ningependa sana kusema kwamba tulidhulumiwa, lakini sivyo. Mkataba ulieleza wazi nini kingetokea siku ya mwisho, na saini iliyo chini yake ni yangu. Niliitia kwa furaha, siku ya uzinduzi, huku tukipigwa picha mbele ya bango lenye nembo mbili.

Ndugu msomaji, kuna neno ambalo limekuwa tamu mno vinywani mwetu vyuoni: ushirikiano. Kila mpango mkakati unalo, na kila hotuba ya mgeni rasmi hulirudia. Siku hizi limeongezewa kivumishi, tunaambiwa ni ushirikiano wa kidijitali, kwamba mtafiti wa Morogoro na mwenzake wa Uholanzi wanaweza kuandika makala moja, kuchambua data zile zile na kujadiliana ana kwa ana kupitia kioo. Ni kweli, wanaweza. Swali ambalo hatuliulizi ni meza hiyo wanayokutania ni ya nani, nani aliichonga, na nani ana haki ya kuikunja na kuondoka nayo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba programu zinazotuwezesha kufanya sayansi kwa mbali ni sehemu ya sayansi yenyewe, kama ilivyo maabara na maktaba; kwamba asiyeshiriki kuziunda na kuzitunza atashiriki utafiti kama mgeni hata pale utafiti unapofanyika kijijini kwao; na kwamba kinachotuzuia kushiriki ni kanuni tulizojiwekea wenyewe kuliko umaskini tunaopenda kuusingizia.

Tumezoea kuvizungumzia vyombo hivi kana kwamba viliteremshwa na makampuni makubwa, na wajibu wa mwanazuoni ni kununua au kuomba. Historia inasema vingine. Mtandao wa kurasa ambao wewe unausomea maneno haya ulizaliwa CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa sababu wanafizikia waliokuwa wakija na kuondoka, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, walikuwa wakipoteza taarifa za miradi yao. Tim Berners-Lee alipowasilisha pendekezo lake mwaka 1989 alikuwa anatibu ugonjwa wa mahali pake pa kazi. Mwaka 1993 CERN ikautoa mtandao huo kwa ulimwengu bila kudai malipo. Lugha ya R, ambayo wanafunzi wetu wa takwimu huiapia, iliandikwa na wahadhiri wawili wa Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Jupyter, daftari la kompyuta ambamo watafiti walio mbali huandika hesabu zao na maelezo yake mahali pamoja, lilichipuka kutokana na kazi ambayo Fernando Pérez, mzaliwa wa Colombia, aliianza mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa uzamivu, wakati ambapo kwa haki alipaswa kuwa anamalizia tasnifu yake.

Na kuna kisa cha Git, ambacho nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Hadi mwaka 2005 watu waliokuwa wakiandika kiini cha Linux, wakiwa wametawanyika duniani kote, walitunza kazi yao ya pamoja kwa programu iitwayo BitKeeper. Ilikuwa mali ya kampuni, nao waliitumia kwa leseni ya bure, kwa hisani. Kisha mwenye mali akaifuta hisani hiyo. Linus Torvalds aliketi akaanza kuandika chombo kingine, na katika muda wa wiki chache Git ilikuwa inafanya kazi. Leo karibu kila mradi mkubwa wa sayansi unaohusisha kompyuta unaitegemea. Sisi tunapofutiwa hisani tunaandika barua pepe.

Hisani hufutwa, na si lazima mfutaji awe na nia mbaya. Vyuo vingi duniani, vikiwemo vya kwetu, vilihamishia nyaraka zao Google kwa sababu nafasi ilikuwa bure na haina kikomo. Februari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2022 kila taasisi ingegawiwa terabaiti 100 za pamoja, na anayetaka zaidi alipie. GitHub, ghala ambamo dunia nzima imehifadhi misimbo yake, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka uliofuata watunga programu wa Iran, Syria na Crimea wakajikuta wamefungiwa baadhi ya huduma zake kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Hawakuwa wamefanya kosa lolote zaidi ya kuishi walipoishi. Anayedhani hilo haliwezi kumfikia Mtanzania au Mkongo anaijua siasa ya dunia kwa kusoma vichwa vya habari tu.

Mwaka 2025 uliyaweka haya mbele ya macho yetu wenyewe. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, tovuti ya FEWS NET, iliyokuwa ikitoa tahadhari za njaa kwa nchi zetu tangu miaka ya 1980, ilizimika ndani ya siku chache. Mpango wa DHS, ambao tafiti za demografia na afya za Tanzania zimeuegemea tangu ule wa 1991-92, ukakatishwa, na watafiti wapya walioomba data wakaambiwa maombi yao hayashughulikiwi. Sehemu ya kazi hiyo ilifufuliwa baadaye kwa fedha za wafadhili wengine, nasi tukashukuru, kama ilivyo desturi yetu. Lakini hebu tafakari kidogo. Walioulizwa maswali katika tafiti hizo ni mama zetu na dada zetu. Waliouliza ni wadadisi wetu, chini ya Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu. Mwanafunzi wa Dodoma aliyetaka kusoma mpangilio wa uzazi wa Dodoma aliuona mlango mkuu wa data hizo umefungwa kwa amri iliyosainiwa Washington, na yeye hata hakujua kwamba mlango wenyewe ulikuwa huko.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia katika vikao vingi. Kwa nini tujisumbue kupika wakati chakula kipo mezani? Nchi yenye upungufu wa madawati itatumiaje fedha kuandika programu ambazo wengine wameshaziandika vizuri zaidi? Hoja hii ina uzito na sitaki kuikejeli. Kwa kweli ninakubaliana na nusu yake. Sina hamu ya kuona kila chuo chetu kikitengeneza programu yake ya mikutano ya video. Ninachokataa ni ile nusu ya pili isiyotamkwa, inayodhani kwamba katika karamu kuna aina mbili tu za watu, wapishi na walaji, na kwamba sisi tumeumbwa kuwa walaji.

Tena huo ni uongo kwa ushahidi wa karibu kabisa. Watumishi wa sekta ya afya mnaosoma ukurasa huu mnaufahamu mfumo wa DHIS2, kwani ndimo mnamojaza takwimu za vituo vyenu kila mwezi. Wengi mnaamini ni kitu cha Wanorwei. Mizizi yake iko Cape Town, mwaka 1994, ambapo watafiti na wanaharakati waliokuwa wametoka katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi walikabiliwa na mfumo wa afya uliokatwakatwa kwa misingi ya rangi, kiasi kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kusema watoto wangapi wa wilaya moja wamechanjwa. Walichokitaka ni kwamba takwimu zitumike kwanza na muuguzi aliyezikusanya, kabla hazijapanda kwenda kwa wakubwa. Programu ya kwanza iliandikwa kwa shabaha hiyo. Chuo Kikuu cha Oslo kilikuwa ndani ya safari hiyo tangu mapema, na toleo la pili, lile la mtandaoni, lilipoanza kutumika mwaka 2006 lilitolewa kwa leseni huria na kuratibiwa kutoka huko.

Kisha ikaja Kenya. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuuweka mfumo huo wote kwenye seva moja ya taifa, wilaya zote zikiingia kupitia mtandao wa simu. Wataalamu wengi wasingethubutu. Hekima ya wakati ule ilikuwa kusambaza nakala kila wilaya. Mtandao wa simu ulikatika, bila shaka, na kwa msukumo wa mazingira kama hayo mfumo ulipewa uwezo wa kupokea takwimu hata mawasiliano yakiwa hayapo, ukizihifadhi ndani ya kivinjari hadi yarudi. Karani wa takwimu wa wilayani, kwa kulalamika tu, alibadilisha chombo ambacho leo kinatumika katika nchi zaidi ya 70. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimelea kwa miaka mingi kikundi cha watunga programu wa mfumo huu, ambao baadhi yao walipata shahada zao za uzamivu kwa kuutafiti.

Eldoret nako, mwaka 2006, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, ndiko OpenMRS ilikoanza kutumika kwa wagonjwa wa UKIMWI. Ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao nao ni huria, na nao umeenea duniani. Madaktari walihitaji kujua mgonjwa yupi hakurudi kuchukua dawa. Kompyuta zilikuwa chache, wagonjwa walikuwa maelfu, na mfumo uliozaliwa katika dhiki hiyo uliijua dhiki, jambo ambalo mfumo wa kununua haulijui.

Kwa hiyo uwezo upo na umekuwapo. Tatizo liko wapi?

Liko, kwanza, kwenye fomu. Nimekuwa mhadhiri kwa miaka ya kutosha kujaza fomu ya kupandishwa cheo mara kadhaa. Makala katika jarida ina pointi. Sura ya kitabu ina pointi. Hata ripoti ya ushauri iliyosomwa na watu watatu, wawili kati yao wakiwa waandishi, inaweza kutafutiwa pointi. Programu inayotumiwa na watafiti mia mbili kila siku huwekwa chini ya sehemu ya mengineyo, pamoja na kuwa mlezi wa timu ya mpira wa pete. Nina mwenzangu, simtaji, aliyeandika programu ya kukusanyia data za shambani kwa simu za bei rahisi, ikitunza kila kitu ndani ya simu hadi mtandao upatikane. Miradi ya nchi tatu iliitumia. Alipoomba kupanda cheo aliulizwa machapisho yake yako wapi. Akajibu kwamba chapisho lake linafanya kazi wakati tunazungumza. Kamati haikucheka. Siku hizi yuko Nairobi katika kampuni binafsi, analipwa vizuri, na programu ile haina mtu wa kuirekebisha.

Liko, pili, kwenye bajeti. Chukua andiko lolote la mradi wa utafiti uliotekelezwa hapa nchini ulisome. Utaona gari, mafuta, posho za kujikimu, semina ya uzinduzi, semina ya tathmini, semina ya kufunga. Ukitafuta fungu la kumlipa mtu atakayetunza programu na data kwa miaka mitano baada ya semina ya kufunga, hulioni. Tunapanga matairi ya gari kwa sababu tunajua matairi huisha. Programu nayo huisha: simu mpya zinatoka, kivinjari kinabadilika, tundu la usalama linagunduliwa, na asubuhi moja inagoma kuwaka. Wafadhili nao wana hatia yao hapa, maana wanapenda kugharamia kuzaliwa kwa vitu na hawapendi kugharamia kuishi kwake. Ila sisi ndio tunaoandika maandiko hayo. Sijawahi kusikia mfadhili aliyelazimisha semina ya tatu.

Liko, tatu, kwenye makabati ya idara zetu. Kila mwaka, ukifika mwezi wa saba, mamia ya wanafunzi wa sayansi ya kompyuta huwasilisha miradi yao ya mwisho. Nimekaa katika majopo ya kuisikiliza. Mmoja anaunda mfumo wa kusimamia maktaba, mwingine mfumo wa kusimamia maktaba, wa tatu mfumo wa kusimamia hosteli ambao ukiutazama vizuri ni ule wa maktaba uliobadilishwa majina. Zinajaladiwa, zinapangwa kabatini, vumbi linafanya kazi yake. Hakuna kinachozuia mwanafunzi kama huyo kupewa kazi ya kurekebisha kasoro moja halisi katika programu huria inayotumiwa na hospitali ya mkoa wake, akajifunza kusoma msimbo wa watu wengine, akabishana kwa heshima na mtunzi aliye Vietnam au Norway, na kazi yake ikapokelewa au ikakataliwa kwa sababu zilizoandikwa. Huo ndio ushirikiano wa kisayansi kwa mbali, na unahitaji kompyuta moja na msimamizi asiyeona haya kujifunza pamoja na mwanafunzi wake. Hapo kwenye haya, wahadhiri wenzangu, tuelewane.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Chombo hubeba mazingira ya aliyekiunda. Programu nyingi za kufanyia kazi kwa pamoja zimeundwa na watu ambao kwao mtandao ni kama hewa, upo tu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya na majirani zetu tulitambaa. Wenzetu wa Uganda walizimiwa intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hapa nyumbani tulizimiwa Oktoba 2025, na sina haja ya kukumbusha siku zile zilivyokuwa. Siasa ya kuzima mtandao nimeshaiandikia na nitaiandikia tena. Leo nauliza swali dogo: siku hizo, mtafiti ambaye data zake zote, maandishi yake yote na programu zake zote ziko kwenye seva ya mbali alikuwa mtafiti wa nini? Jokofu la chanjo lilihitaji kusomwa. Mvua ilihitaji kupimwa.

Vyombo vinavyostahimili hali hii vipo, na vimetokana na watu walioifikiria. Git humpa kila mshiriki nakala nzima ya kazi na historia yake. Mtandao ukikatika unaendelea, ukirudi mnaoanisha. ODK, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na kujaribiwa mapema huko huko magharibi mwa Kenya, huhifadhi madodoso ndani ya simu hadi mawimbi yapatikane. Wala unyenyekevu huu mbele ya mtandao si alama ya umaskini. Darubini zilizoungana kupiga picha ya kwanza ya shimo jeusi, ile iliyotolewa Aprili 2019, zilikusanya data nyingi mno kwa intaneti yoyote, zikasafirishwa kwa ndege ndani ya diski; za kutoka Ncha ya Kusini zilisubiri miezi hadi majira ya baridi yaishe ndipo ndege ipae. Wanasayansi wale walipanga kazi yao kwa kuanzia kwenye kizuizi. Sisi ambao tuna vizuizi vya kuuza tungekuwa walimu wa dunia katika somo hili, badala yake tunanunua programu inayodai mtandao usiokatika, kisha tunaomba radhi kwa niaba ya nchi yetu kila inapokatika.

Hapa nadhani kuna watakaopiga makofi wakidhani ninadai mfumo wa kizalendo. Makofi hayo siyataki. Tumeshaona uzalendo wa zabuni: taasisi ya umma inatangaza kwamba itakuwa na mfumo wake yenyewe, mzabuni anapatikana, mfumo unazinduliwa kwa utepe, msimbo unabaki mali ya mzabuni, na baada ya miaka miwili mfumo hauongei na mfumo wa taasisi jirani uliozinduliwa kwa utepe mwingine. Kubadilisha bwana wa ng'ambo kwa bwana wa Mikocheni hakumfanyi mtafiti kuwa huru. Msimbo ulioandikwa kwa fedha ya umma unapaswa kuwa wazi kwa umma, usomeke na ukosoleke, isipokuwa pale usalama wa taarifa za watu unapokataza. Na hata hapo, kinachofichwa ni taarifa za watu. Programu yenyewe haina mgonjwa ndani yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetupa fursa ambayo bado hatujaitumia. Inatulazimisha kufikiri taarifa za watu zinakwenda wapi. Sampuli ya damu haivuki mpaka bila hati, na data nazo siku hizi zina hati. Lakini fomu nilizojaza mimi huuliza data zinakwenda kwa nani. Haziulizi funguo zitabaki kwa nani mradi ukiisha, nani atakuwa msimamizi wa mfumo siku ya mwisho, na je, nakala kamili itakuwa imeshashuka kwenye seva ya hapa nyumbani kabla ya siku hiyo. Mistari mitatu tu katika fomu ya kibali cha utafiti. Ingekuwepo, nisingesaini nilichosaini, kwa sababu msaidizi wa ofisi ya utafiti angenirudishia karatasi na kuniambia, mwalimu, hapa hujajaza.

Mitandao ya vyuo tunayo. Kenya ina KENET, Uganda ina RENU, sisi tuna TERNET, zote zikiwa chini ya mwavuli wa UbuntuNet. Hizi ndizo taasisi zinazoweza kuhifadhi vyombo vya pamoja vya watafiti wetu kwa gharama ambayo chuo kimoja hakiiwezi. Badala yake viongozi wetu wengi wanazikumbuka pale tu intaneti ya ofisini inapokuwa nzito. Mkuu wa chuo anayeweza kukutajia bei ya gari lake jipya hadi senti, muulize chuo chake kinachangia kiasi gani katika mtandao wa vyuo, umtazame uso.

Nimeandika mapendekezo yangu kwa kamati ya chuo changu inayosimamia kupandishwa vyeo, na nakala kwa ofisi ya utafiti. Ni ukurasa mmoja na nusu. Naomba programu iliyo wazi, inayotumiwa na watafiti wengine na kukaguliwa na wenzetu wa fani, ipewe pointi sawa na makala. Naomba kila andiko la mradi litenge fungu la kutunza programu na data kwa miaka mitano. Naomba ile mistari mitatu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika idara yangu hawatasubiri kamati: kuanzia muhula huu ninaowasimamia mimi watafanya kazi ndani ya programu huria zinazotumika, na wa kwanza wao tayari amekataliwa rekebisho lake mara mbili na mtunzi mmoja mkali ambaye hatujawahi kumwona. Ameandika la tatu.

Barua ya kamati ilipokelewa tarehe 3 Februari na muhuri wa mapokezi ninao. Jibu likija nitalichapisha hapa neno kwa neno. Lisipokuja hadi mwisho wa muhula, nitachapisha barua yenyewe, pamoja na fomu yangu ya kupandishwa cheo, ili msomaji ajionee ile sehemu ya mengineyo.